Kulea Gloksinia Lamu na Malindi: Mwongozo Kamili wa Kufuata Misimu ya Pepo

Gloksinia ni mmea mfupi wa nyumbani, wa urefu wa sentimita 20 hadi 30, wenye majani mapana yaliyofunikwa na manyoya laini na maua makubwa yenye umbo la kengele, mekundu, ya zambarau, ya waridi au meupe, ambayo mara nyingi huwa na ukingo mweupe unaoyazunguka. Wataalamu wa mimea huiita Sinningia speciosa. Asili yake ni Brazili, katika maeneo ya Rio de Janeiro, ambako huota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, na habari zake zilianza kuandikwa Uingereza mwaka 1817. Maua ya porini huinamisha vichwa. Yale yanayotazama juu, ambayo ndiyo tunayoyaona madukani, yalitokana na mche mmoja wa ajabu uliochipua Uskochi katika miaka ya 1840 na kuzalishwa kwa wingi baadaye.

Maelekezo mengi ya kuitunza yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao adui yao mkubwa ni theluji na upungufu wa jua. Humwambia msomaji aweke chungu dirishani penye jua, kisha akilaze kiazi cha mmea kilicho chini ya udongo mahali pa baridi wakati wa kipupwe. Mkazi wa Lamu au Malindi akiyafuata maneno hayo neno kwa neno ataupoteza mmea wake kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu kwetu hata usiku wa Julai ni nadra kipimajoto kushuka chini ya nyuzi 20, na adhuhuri ya Machi huvuka 30 bila taabu. Gloksinia hustawi vizuri zaidi kati ya nyuzi 18 na 26 za Selsiasi. Kwa hiyo huku pwani tunapambana na joto la Kaskazi, chumvi iliyo katika maji na hewa, na udongo unaotuamisha maji kwenye mizizi. Mengi ya yanayofuata yanahusu hayo matatu.

Panga mwaka wa mmea kwa pepo

Mmea huu huishi kwa kiazi kilicho chini ya udongo. Huchipua, hutoa maua kwa majuma kadhaa, hunyauka, kisha kiazi hulala na kuamka tena. Kiazi hakijui Juni wala Desemba. Kinachokiamsha ni unyevu na joto la kadiri, na kinachokilaza ni ukavu pamoja na uchovu wa baada ya maua. Hii ina maana kwamba mwenye nyumba ndiye anayeamua kwa kiasi kikubwa miezi ya usingizi, na kosa la wengi ni kuuacha mmea uhangaike na majani yake mwezi wa Februari, jua likiwa kali na hewa ikichoma.

Ratiba inayoifaa pwani yetu ni hii. Kiazi kiamshwe mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, Kaskazi inapokata na mawingu ya Masika yanapoanza kukusanyika. Majani yakue katika miezi ya mvua, wakati mwanga ni mpole na maji matamu ya paa yanapatikana. Kwa kuwa huchukua takribani miezi mitatu hadi minne kutoka chipukizi hadi ua, matumba yatafunguka Julai na Agosti, majira ya Kusi, ambayo ndiyo miezi yetu yenye ubaridi zaidi, na maua yanayofunguka katika hali hiyo hudumu kuliko yanayofunguka wakati wa joto. Mmea wenye nguvu unaweza kutoa maua ya pili kuelekea mvua za Vuli. Kuanzia Desemba upunguziwe maji, na Januari hadi Machi kiazi kiwe kimelala.

Kupata kiazi au mmea

Ukiwa Lamu, huenda ukalazimika kuagiza kutoka vitalu vya Mombasa au Nairobi. Ukipewa hiari, chagua kiazi kilicholala badala ya mmea wenye maua, kwa kuwa majani ya gloksinia huvunjika kama kioo, na safari ndefu ya basi lenye joto ikifuatiwa na kupanda mashua pale gatini Mokowe haiyaachi salama. Kiazi kizuri ni kigumu, kizito kwa ukubwa wake, na hakina sehemu inayobonyea ukiiminya kwa kidole. Upana wa sentimita 3 hadi 5 unatosha. Kikubwa zaidi kina maua mengi, lakini pia kina gharama.

Anayetaka kuagiza mbegu au viazi kutoka nje ya Kenya apate kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea, na mtumaji aambatanishe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Kuficha kiazi kwenye begi la safari ni kuvunja sheria, na ni njia rahisi ya kuleta ugonjwa usiokuwepo katika mashamba yetu.

Mahali pa kuweka chungu

Gloksinia hutaka mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Kipimo rahisi ni kunyoosha mkono juu ya mahali ulipopachagua wakati wa mchana: kivuli cha mkono kikionekana hafifu chenye kingo zisizokatika vizuri, mwanga unafaa, kikiwa cheusi chenye kingo kali, jua ni kali mno, kisipoonekana kabisa, mmea utarefuka shingo ukitafuta nuru na hautatoa maua.

Katika nyumba za mawe za Lamu mahali bora ni ukingo wa kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, chini ya paa la msana, ukumbi unaofunguka kwenye ua huo, ambapo nuru inayoshuka kutoka juu hurudishwa na ukuta uliopakwa chokaa na kuufikia mmea ikiwa imepoa. Kuta nene za matumbawe hupunguza joto la mchana, na urefu wake huzuia upepo wa Kusi, ambao ukipata njia hupasua majani kwa siku moja. Wapo wanaoupanga mmea kwenye zidaka za ndani, yale matundu ya ukutani, kwa sababu unapendeza pale palipokuwa pakiwekwa vyombo vya kauri. Kwa jioni moja ya wageni hakuna dhara. Kwa juma zima, matumba yatakauka kabla ya kufunguka.

Nyumba nyingi za Malindi ni za kisasa, zenye madirisha makubwa na baraza. Huko chagua dirisha linalotazama mashariki, lenye pazia jepesi la kuzuia jua baada ya saa tatu asubuhi, au baraza iliyoezekwa makuti. Epuka kabisa kibaraza cha mabati, kwa kuwa joto lililo chini ya bati wakati wa mchana huupika mmea hata kama kuna kivuli. Usiuweke pia mbele ya kiyoyozi, kwani hewa yake kavu huunguza ncha za majani na kuangusha matumba. Nyumba iliyo karibu sana na ufuo hupokea mvuke wa chumvi ambao hutua juu ya majani, na kwa kuwa majani yenye manyoya hayafutwi kwa kitambaa, yasafishe kwa brashi laini kavu, kama ile ya kuchorea rangi, ukianzia kwenye kikonyo kuelekea ncha.

Paka hawadhuriki, maana mmea huu hauna sumu kwao, ila wao wanaweza kuudhuru. Udongo laini mkavu wa chunguni huwavutia kuchimba, kwa hiyo ni vyema kutandaza vipande vya vifuu juu yake.

Udongo

Udongo wa bustani haufai. Ule wa Lamu una chokaa nyingi ya matumbawe, ilhali gloksinia hupenda udongo wenye uchachu kidogo, wa pH kati ya 5.5 na 6.5, ukipandwa kwenye udongo wa chokaa, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, kwa sababu mizizi inashindwa kunyonya madini ya chuma. Mchanga wa ufuoni nao ni chokaa na chumvi kwa pamoja, na kuusuuza huondoa chumvi tu.

Changanya makopo matatu ya vumbi la makumbi ya nazi, kopo moja la mboji ya majani iliyochekechwa, na kopo moja la mchanga wa mto wenye chembe kubwa au chenga za makaa zilizooshwa. Watu wa Malindi wanaweza kutumia mchanga wa Mto Sabaki, mradi umechukuliwa juu ya mto, mbali na mahali ambapo maji ya bahari hupanda. Makaa au mchanga huo ndio unaofungua njia ya hewa, na bila hewa mizizi ya gloksinia, ambayo ni myembamba sana, huoza.

Uangalifu mkubwa unahitajika katika vumbi la makumbi. Makumbi mengi ya pwani hufukiwa kwenye tope la bahari kwa ajili ya kusokota kamba, na vumbi linalotokana nayo limejaa chumvi. Hata yale ambayo hayakufukiwa yana chumvi zake za asili. Liloweke vumbi katika maji matamu usiku kucha, likamue, mwaga maji, kisha rudia hadi maji yanayotoka yasiwe na rangi ya chai. Kwa kawaida mara tatu zinatosha, nne kwa yale ya kamba. Baada ya kuchanganya vyote, mwagia maji yanayochemka ili kuua mayai ya vijinzi na vimelea vya ukungu, halafu acha mchanganyiko upoe na ukauke kiasi.

Samadi ya punda ipo tele Lamu na ni mbolea nzuri ya michikichi na michungwa. Katika chungu cha gloksinia, itumie tu ikiwa imeoza hadi haina harufu wala joto, na isizidi konzi moja. Mbichi ina chumvi na ukali unaounguza mizizi.

Kupanda kiazi, hatua kwa hatua

Kwanza, chagua chungu kisicho kikubwa, chenye upana wa sentimita 12 hadi 15 na tundu chini. Mimi napendekeza chungu cha udongo kisichopakwa vanishi, kwa sababu kinapovuja unyevu hupoza mizizi, jambo lenye thamani kubwa katika hali yetu. Kasoro yake ni kwamba chumvi hujikusanya ukingoni na kuunguza vikonyo vya majani vinavyoegemea hapo; yeyusha nta ya mshumaa na kuipaka kwenye ukingo, na tatizo litaisha. Chungu cha plastiki hushika maji muda mrefu zaidi na kinamfaa anayesahau kumwagilia.

Pili, tazama kiazi vizuri. Upande mmoja ni wa mviringo, na mwingine una kishimo chenye vidutu vidogo ambavyo ndivyo macho ya kuchipua. Kishimo kitazame juu. Kama huoni tofauti, kiweke kiubavu. Chipukizi litajitafutia njia.

Tatu, jaza chungu kwa mchanganyiko hadi theluthi mbili, weka kiazi katikati, na ukifunike kiasi cha sentimita moja tu. Ukikizika ndani zaidi, maji yatakaa kwenye kishimo na kukiozesha.

Nne, mwagia kidogo pembeni ya chungu, kisha ngoja. Kiazi ambacho hakijatoa majani hakina cha kunywea maji, na viazi vingi hufa katika majuma haya ya mwanzo kwa huruma ya mwenyewe. Unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa unatosha. Chipukizi huonekana baada ya majuma mawili hadi sita.

Tano, yakitokea machipukizi mengi, acha moja lenye nguvu, au mawili kama kiazi ni kikubwa, na mengine yatoe kwa kuyavunja kwenye shina yakifikia urefu wa sentimita tatu au nne. Usiyatupe, kwa kuwa kila moja likipandwa katika kichungu chake linaweza kuwa mmea kamili.

Maji

Hapa ndipo gloksinia nyingi za pwani zinapofia. Visima vya Lamu hutegemea maji matamu yaliyohifadhiwa chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na yakivutwa kwa wingi wakati wa kiangazi, chumvi huongezeka. Visima vya Malindi vilivyo karibu na ufuo vina hali hiyo hiyo. Binadamu huyazoea maji ya namna hii; mmea huonyesha kwa ncha za majani kukauka rangi ya kahawia na ganda jeupe juu ya udongo.

Maji yaliyo bora ni ya mvua. Kinga maji ya paa wakati wa Masika, baada ya kuiacha mvua ya kwanza ioshe vumbi na chumvi ya bahari, na uhifadhi katika pipa lililofunikwa vyema ili mbu wasizaane. Wenye jabia, yaani tangi la kujengwa la kuhifadhia maji ya mvua, wana bahati. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi nayo hayana chumvi wala chokaa na yanafaa sana, mradi yakingwe katika chombo safi. Maji ya bomba ya Malindi hutumika bila shida kubwa, lakini yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja ili klorini ipungue.

Mwagilia kwa kujaza kisahani kilicho chini ya chungu. Acha udongo unyonye kwa nusu saa, kisha mwaga yanayobaki. Maji yakimwagwa juu hutuama kwenye moyo wa mmea, pale majani yanapoanzia, na kuuozesha, na matone yanayokauka juu ya majani huacha madoa yasiyofutika. Kiasi hakiwezi kupangwa kwa siku. Gusa udongo: sehemu ya juu ikiwa kavu hadi kina cha kiungo cha kwanza cha kidole, ni wakati wa kumwagilia. Katika majira ya mvua hiyo huenda ikawa mara moja kwa juma. Katika jua la Oktoba huenda ikawa kila baada ya siku mbili. Maji yaliyokaa kwenye tangi juu ya dari huwa moto mchana, kwa hiyo yaache yapoe kwanza.

Mara moja kwa mwezi, fanya kinyume: mwagia maji matamu kutoka juu, polepole, ukipitisha mdomo wa birika chini ya majani, hadi yatoke kwa wingi tunduni. Hiyo ndiyo namna ya kuondoa chumvi iliyojikusanya.

Mjadala wa unyevu wa hewa, unaojaza kurasa katika maelekezo ya kigeni, hautuhusu sana, maana hewa yetu ina unyevu wa kutosha karibu mwaka mzima. Kunyunyizia majani maji hakuna faida yoyote kwetu na huleta ukungu.

Mbolea na maua

Anza kulisha mmea ukiwa na jozi tatu za majani. Tumia mbolea ya kuyeyuka majini yenye uwiano sawa wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kama 20:20:20, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila baada ya majuma mawili. Zungusha chungu robo duara kila baada ya siku chache ili mmea usiegemee upande mmoja.

Matumba yakitokea, ongeza mwanga kidogo na usihamishehamishe chungu. Ua moja hukaa wazi kwa siku kadhaa. Likinyauka, likate pamoja na kikonyo chake kwa mkasi safi, kwa sababu maua yanayooza juu ya majani ndiyo chanzo cha ukungu wa kijivu, hasa hewa ikiwa imetulia na mvua haikati.

Wadudu na maradhi

Vidung'ata, wale weupe kama pamba, hujificha kwenye pembe za majani, na mara nyingi huletwa na kulindwa na sisimizi; waguse mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti. Utitiri hauonekani kwa jicho, lakini majani machanga yanayozaliwa madogo, magumu na yaliyojikunja ni alama yake, na mmea ulioathirika sana ni bora kuuteketeza. Vithiripi huacha michirizi ya fedha kwenye majani na chavua iliyomwagika ndani ya ua. Kwa hawa, mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na tone la sabuni husaidia yakipuliziwa jioni, upande wa chini wa majani, lakini jaribu kwanza kwenye jani moja na ungoje siku mbili, kwa kuwa majani yenye manyoya huungua kwa urahisi.

Ukiona miduara ya kahawia iliyo moja ndani ya nyingine juu ya jani, huenda ni virusi vinavyoenezwa na vithiripi. Havina tiba. Tupa mmea, kiazi na udongo wake.

Kulaza kiazi mahali pasipo na baridi

Baada ya maua, majani huanza kuchoka na kugeuka manjano. Acha mbolea mara moja, punguza maji hatua kwa hatua kwa muda wa mwezi mmoja, na shina likikauka likate juu kidogo ya kiazi. Maelekezo ya kigeni husema kiazi kilale kwenye nyuzi 10 hadi 15. Hatuna mahali kama hapo, na jokofu si jibu, kwa kuwa ubaridi wake huua kiazi. Kiache ndani ya chungu chake, kwenye chumba cha ndani kabisa chenye giza na ubaridi kiasi, na sasa zidaka zinafaa. Kwa sababu ya joto letu, kiazi kilichoachwa kikavu kabisa kwa miezi mitatu husinyaa na kuwa kama zabibu kavu. Kipe vijiko viwili vitatu vya maji kila baada ya majuma mawili au matatu.

Baadhi ya viazi hukataa kulala. Chipukizi jipya hutokea pembeni ya shina la zamani kabla hata majani hayajakauka, na aina nyingi za kisasa zina tabia hiyo. Ikitokea Septemba au Oktoba, kata shina la zamani, acha jozi moja ya majani ya chini, na uulee mzunguko mpya. Ikitokea Januari, mimi hulivunja chipukizi na kukiacha kiazi kipumzike, kwani maua ya Machi hayafiki popote.

Kila mwaka, kabla ya kukiamsha, kitoe kiazi kwenye udongo wa zamani, kata sehemu iliyooza hadi ufikie nyama safi, ipake unga wa mkaa au mdalasini, ngoja siku moja jeraha likauke, kisha kipande katika mchanganyiko mpya. Kiazi kikitunzwa hivyo huishi miaka mingi na kuendelea kunenepa.

Kuzidisha kwa jani na kwa mbegu

Jani lililokomaa lakini lisilo zee, likikatwa na kikonyo cha sentimita mbili au tatu na kuchomekwa katika vumbi la makumbi lenye unyevu, hutoa kiazi kidogo mwishoni mwa kikonyo. Lifunike kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, uifungue kila siku kwa dakika chache, na uliweke kwenye kivuli chenye mwanga. Baada ya mwezi au miwili jani huenda likanyauka bila chipukizi lolote kuonekana, na wengi hulitupa wakati huo. Chimbua kwanza: kiazi cha ukubwa wa harage huwa tayari kipo, nacho kitachipua wakati wake ukifika.

Mbegu ni nyembamba kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo hunyunyizwa juu ya udongo uliochekechwa bila kufunikwa, na chombo humwagiliwa kwa kulowekwa kutoka chini. Huota baada ya majuma mawili hadi matatu, na miche huhamishwa inapokuwa na jozi mbili za majani. Kutoka mbegu hadi ua ni miezi mitano hadi saba, na kwa hiyo atakayetaka maua ya Agosti azipande kati ya Januari na Machi, kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani, na asiache chombo kikauke hata siku moja.